Kinu Hakisahau Ulichokifanya Jana Jioni

Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam mbele ya wahandisi vijana na wanafunzi wa uhandisi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, na majibu ya maswali mawili niliyoulizwa mwishoni nimeyaingiza mahali yanapostahili.

Ndugu mwenyekiti, wahandisi wenzangu, walimu wangu mlioketi mstari wa mbele, na ninyi vijana mliojaza ukumbi huu hadi wengine wamesimama mlangoni: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Niliombwa nizungumzie umeme wa nyuklia kwa ujumla. Nikaomba nipunguziwe, nipewe kipande kimoja tu: jinsi kinu cha nyuklia kinavyopandisha na kushusha umeme kadiri watu wanavyouhitaji. Sababu yangu ni ya kikazi. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kwenye chumba cha kuongoza gridi, zamu za mchana na za usiku, nikitazama namba moja ukutani: 50. Hertzi 50, yaani mkondo wa umeme kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Namba hiyo ikitulia, nchi imetulia. Ikishuka hadi 49 na pointi, moyo unaanza kwenda mbio. Ikishuka zaidi, mkono unakwenda kwenye swichi za kukata laini.

Niwaeleze wasio wa fani yetu. Umeme haukai ghalani kama mahindi. Mama anayewasha jiko la umeme Sinza, mashine ya kusaga Mbagala, friji ya soda Kariakoo, umeme wao unafuliwa sekunde ileile, uwe wa Kidatu, Kihansi, Kinyerezi au kule Rufiji. Watu wakitumia zaidi ya kinachofuliwa, mitambo yote ya nchi inaelemewa na kuzunguka polepole, yote kwa pamoja, kama punda waliofungwa kwenye mkokoteni mmoja ulioanza kupanda kilima. Watu wakitumia pungufu, mitambo inakimbia. Mwongoza gridi kazi yake ni kuulinda mwendo wa mkokoteni huo usiku na mchana.

Na Dar es Salaam ni mji wenye tabia zake. Saa tisa usiku mzigo uko chini kabisa. Saa kumi na mbili asubuhi mji unaamka. Mchana wa Januari na Februari viyoyozi vya Posta na Masaki vinanguruma mpaka jua litue. Kuanzia saa moja jioni hadi kama saa nne usiku ndicho kilele. Mwezi wa Ramadhani mchoro unabadilika: kilele kinavutwa na futari, na alfajiri kinatokea kinundu kidogo cha daku ambacho miezi mingine hakipo. Siku ya Simba na Yanga nayo ina umbo lake. Na mvua kubwa ikipiga ghafla mchana wa joto, mzigo unaporomoka, kwa sababu watu wanazima viyoyozi na feni, na kwa sababu nguzo nazo zinaanguka. Mwongoza gridi anayajua haya kama wavuvi wa Feri wanavyojua bamvua na maji mafu.

Jioni moja nikiwa zamu, saa mbili kasoro, mashine kubwa katika kituo kimoja ilijizima kwa hitilafu. Akiba niliyokuwa nayo haikutosha. Namba ukutani ilishuka kabla sijanyanyua simu. Relei, swichi za ulinzi zinazojiendesha, zikaanza kukata laini zenyewe, nami nikakata nyingine kwa mkono wangu. Haikupita dakika mbili nikawa nimewaweka gizani maelfu ya watu ambao hawakunikosea lolote. Tangu siku hiyo, kila ninapoelezwa kuhusu mtambo mpya wa aina yoyote, ninauliza maswali mawili kabla sijasikiliza mengine. Nikiuita, utaitika? Nikiuambia upunguze, utapunguza?

Basi leo tuiulize nyuklia.

Kauli inayozunguka mitaani, na hata maofisini, ni kwamba kinu cha nyuklia hakipandi wala hakishuki. Kikishawashwa kinakwenda mwendo mmoja hadi siku ya kubadilisha mafuta, yaani urani yake. Anayesema hivyo na aitazame Ufaransa. Nchi ile inapata kama asilimia 70 ya umeme wake kutoka kwenye vinu 57. Nyuklia ikishakuwa nyingi kiasi hicho, hakuna mitambo mingine ya kutosha kuyafuata mahitaji, kwa hiyo vinu vyenyewe vinafuata. Shirika la umeme la huko, EDF, linasema vinu vyake vinaweza kupandisha au kushusha asilimia 80 ya uwezo wake ndani ya nusu saa, mara mbili kwa siku. Wajerumani nao, kabla ya kufunga vinu vyao vya mwisho Aprili 2023, walikuwa wakivishusha upepo ukivuma sana na kuvipandisha upepo ukitulia.

Uwezo huo basi upo. Lakini uliamuliwa kwenye karatasi za wasanifu miaka mingi kabla ya umeme wa kwanza kutoka, na una malipo yake. Hapo ndipo ningependa tukae.

Tuanze na moto wenyewe. Atomu ya urani ikipasuka inatoa joto na neutroni mbili au tatu, chembe ndogo mno za ndani ya atomu, na neutroni hizo zinakwenda kupasua atomu nyingine. Kinu kikiwa kwenye mwendo wa kudumu, kila mpasuko unazaa mpasuko mmoja, usizidi wala usipungue. Kupandisha umeme maana yake ni kuuacha uwiano huo uvuke moja kwa kiasi kidogo mno, kwa muda mfupi, kisha kuurudisha. Mtu atauliza: mbona jambo hilo haliponyoki mkononi, na neutroni yenyewe inaishi muda ulio mfupi kuliko kupepesa jicho? Jibu lake ni zawadi ambayo hakuna mhandisi aliyeibuni. Katika kila neutroni 1,000 zinazotokana na urani-235, ile aina ya urani inayopasuka kwa urahisi, kama 6 au 7 hazitoki papo hapo. Zinatoka kwenye mabaki ya mpasuko, nyingine baada ya sekunde chache, nyingine baada ya karibu dakika nzima. Wachelewaji hao wachache ndio wanaotupa nafasi ya kusogeza vyuma. Bila wao binadamu asingeweza kuendesha kinu. Mimi ni mtu wa imani, na kila nikifika hapa kwenye somo hili huwa nasimama kidogo.

Sasa vyuma tunavyosogeza. Vya kwanza ni fito za udhibiti, zenye vitu vinavyomeza neutroni, kama boroni, au mchanganyiko wa fedha, indiamu na kadimiamu. Ukizishusha moto unafifia, ukizinyanyua unakolea. Zina kasi, lakini zina ukali. Katika vinu vingi vya maji ya shinikizo, vile ambavyo maji yake yanabanwa yasichemke, fito zinaingia kutoka juu, kwa hiyo ukizishusha nusu, nusu ya juu ya kitovu, yaani pale mafuta yalipo, inapoa na nusu ya chini inabaki ikifanya kazi ya wote. Ni mfano wa sufuria ya wali yenye makaa chini bila makaa juu ya mfuniko: jumla ya moto inaweza kuwa sawa, lakini wali hauivi sawa. Wafaransa walipoona watashusha na kupandisha kila siku, mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliingiza fito zisizomeza sana, wakaziita fito za kijivu kuzitofautisha na zile nyeusi. Za kijivu unaweza kuzishusha kwa kina bila kuuharibu umbo la moto. Kwangu huo ni uhandisi wa kiungwana kabisa: walichokibuni ni chombo dhaifu zaidi, kwa sababu udhaifu ndio uliohitajika.

Chombo cha pili ni boroni iliyoyeyushwa ndani ya maji yenyewe yanayopoza kinu. Hii inameza neutroni kila mahali kwa usawa, haipindishi moto juu wala chini, lakini ni ya polepole. Mafuta yakiwa mapya, maji yanaweza kuwa na sehemu 1,000 na zaidi za boroni katika kila milioni. Kadiri mafuta yanavyotumika boroni inapunguzwa, hadi mwishoni mwa mzunguko, baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu, inakaribia sifuri. Kuipunguza unaingiza maji safi na kutoa yenye boroni. Wapishi watanielewa: mchuzi ukiwa na chumvi nyingi, kikombe kimoja cha maji unakiona kwenye ladha. Ukiwa umebaki na chumvi kidogo tu, utamwaga ndoo kwa ndoo ndipo upunguze kidogo tena. Ndiyo maana kinu ambacho mwezi wa pili kilikuwa kikifuata mahitaji bila taabu, mwezi wa kumi na tano kinaombwa kikae mwendo mmoja. Na yale maji yaliyotolewa hayamwagwi hovyo. Yanahitaji matangi, mitambo ya kuyachakata, na watu wa kuyasimamia.

Cha tatu hakina hata mkono wa mtu, nacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Maji ya kinu hayapozi tu. Yanapunguza mwendo wa neutroni, na neutroni ya polepole ndiyo inayopasua urani vizuri. Sasa fikirini ni saa moja jioni na mzigo unapanda. Mwongoza gridi anaomba megawati zaidi, vali za turbaini, mashine inayozungushwa na mvuke, zinafunguka, mvuke mwingi zaidi unakwenda. Mvuke ule umebeba joto, kwa hiyo maji yanarudi kwenye kinu yakiwa yamepoa kidogo kuliko kawaida. Maji yaliyopoa yana msongamano mkubwa zaidi, yanapunguza mwendo wa neutroni vizuri zaidi, na moto unakolea wenyewe. Mzigo ukipungua, vali zinabana, maji yanarudi yakiwa na joto zaidi, moto unafifia wenyewe. Kinu kinaifuata turbaini kama mtoto anavyomfuata mama yake sokoni. Fito na boroni zinakuja baadaye, kurudisha jotoridi mahali pake na kuweka mambo sawa. Mtu atakapowaambia kinu hakijui mahitaji ya watu, mkumbusheni maji.

Vinu vya maji yanayochemka, vilivyojengwa kwa wingi Marekani na Japani, vina njia yao. Ndani ya kitovu kuna mapovu ya mvuke, na mapovu yanapunguza moto. Ukiongeza kasi ya pampu zinazozungusha maji, mapovu yanafagiliwa na moto unapanda. Ukipunguza kasi, yanajazana na moto unashuka. Kwa pampu peke yake mwendeshaji anaweza kushusha hadi kama theluthi mbili ya uwezo bila kugusa fito. Ni njia safi, na moto haupotezi umbo lake.

Mkisikia hivyo mtasema kazi imekwisha. Haijaisha. Kuna kitu ndani ya kinu kinachokumbuka.

Urani ikipasuka, miongoni mwa mabaki kuna ayodini-135. Nusu yake inageuka kuwa zenoni-135 kila baada ya saa 6 na nusu hivi. Na zenoni hiyo ndiyo mla neutroni mkubwa kuliko kiini kingine chochote kinachojulikana. Ukiilinganisha na boroni-10 tunayoitumia kwa makusudi, inazidi kama mara 700. Kinu kikiwa kwenye mwendo mmoja hakuna shida: zenoni inazaliwa kutoka kwenye ayodini, na palepale inaunguzwa na neutroni zenyewe. Mizani imetulia.

Sasa, saa nne usiku Dar es Salaam imeanza kulala, na mimi nakipigia simu kituo, nasema shusheni hadi nusu. Wanashusha. Neutroni zimepungua, kwa hiyo zenoni haiunguzwi kama mwanzo. Lakini ayodini iliyotengenezwa jioni, kinu kikiwa kwenye nguvu zote, bado ipo, na inaendelea kuzaa zenoni kana kwamba hakuna aliyepiga simu. Zenoni inapanda saa baada ya saa, na inafika kileleni baada ya saa kama 7 au 8. Hesabuni. Saa nne usiku, ongezeni saa 7 au 8. Ni saa kumi na moja, saa kumi na mbili asubuhi. Ni saa ileile mji unayoamka na mimi nataka umeme wangu urudi. Kinu kinadai deni la jana jioni asubuhi ninapokihitaji zaidi.

Kwa hiyo mwendeshaji mzuri wa kinu anaishi saa nane mbele na saa nane nyuma. Usiku wa manane, zenoni inapopanda, anaondoa boroni kidogo kidogo ili kinu kisizame. Asubuhi akipandisha, neutroni zinaanza kuiunguza zenoni kwa kasi, na sasa lazima arudishe boroni, la sivyo moto utazidi. Katika kinu kikubwa zenoni inaweza hata kuhama, ikazidi juu mchana na kuzidi chini usiku, kama maji yanayosukwasukwa ndani ya beseni, na hilo nalo lina kazi yake ya kulituliza. Na kama mafuta yamezeeka na boroni imeisha, hana cha kuondoa. Kinu kikizimika kwa bahati mbaya wakati huo, zenoni itakizuia kisiwake tena mpaka ioze yenyewe, na hiyo inaweza kuwa siku nzima au zaidi. Ukweli uliomo ndani ya ile kauli ya mitaani uko hapa. Kinu kinashuka na kinapanda. Kilichogumu ni kukishusha na kukipandisha bila mpango.

Sumu hii ya zenoni iligunduliwa kwa mshtuko. Mwishoni mwa Septemba 1944, huko Hanford, jimbo la Washington kando ya mto Columbia, Wamarekani waliwasha kinu kikubwa cha kwanza cha aina yake. Nguvu ikapanda vizuri. Baada ya saa kadhaa ikaanza kushuka yenyewe, fito zikatolewa zaidi na zaidi, ikashuka tu, mpaka kinu kikafa. Siku iliyofuata kikafufuka chenyewe, kikapanda, kikafa tena. Mwanafizikia Enrico Fermi alikuwapo. Mwenzake John Wheeler ndiye aliyeutazama muda wa kufa na kufufuka akatambua kwamba sumu inazaliwa ndani na nusu yake kuoza kwa saa kama 9. Kilichowaokoa ni tahadhari ya wahandisi wa DuPont, kampuni iliyokijenga: wanafizikia walikuwa wamesema mirija 1,500 ya urani inatosha, wao wakajenga 2,004. Ile ya ziada ikajazwa mafuta na kuishinda zenoni. Kinu kile kilikuwa cha kutengeneza plutoniamu, na plutoniamu ya Hanford ndiyo iliyokuwa ndani ya bomu la Nagasaki. Siwezi kusimulia habari ya mirija 504 nikaacha hiyo. Lakini kama wahandisi, angalieni pia nafasi waliyoiacha kwa ajili ya kisichojulikana.

Habari ya pili ni nzito kwangu binafsi, kwa sababu ndani yake yumo mtu wa kazi yangu. Aprili 25, 1986, kinu namba 4 cha Chernobyl kilikuwa kinashushwa kwa ajili ya jaribio. Mchana, kikiwa kwenye nusu ya nguvu, mwongoza gridi wa Kiev akapiga simu: subirini, nahitaji umeme huo jioni. Wakasubiri hadi baada ya saa tano usiku. Jaribio likawaangukia watu wa zamu ya usiku, ambao hawakuwa wamejiandaa nalo kama wale wa mchana. Nguvu ikawaponyoka ikashuka hadi megawati 30 za joto, wakati nguvu kamili ilikuwa 3,200. Zenoni ikaanza kujikusanya. Ili kukishikilia kinu kwenye megawati 200 wakatoa fito karibu zote. Kinu chenyewe kilikuwa na kasoro za usanifu: mapovu ya mvuke yaliongeza moto badala ya kuupunguza, na fito zilipoingia, ncha zake za grafaiti zilikoleza moto kwanza. Saa saba na dakika 23 usiku wakaanza jaribio, na ndani ya dakika moja mambo yakaisha.

Vinu vya maji ya shinikizo nilivyovieleza havina kasoro ile ya mapovu, na sitaki mtu atoke hapa na hofu isiyo na msingi. Lakini nimemfikiria sana yule wa Kiev. Kwa kanuni za kazi yake hakukosea; aliomba umeme wa jioni, kama nilivyouomba mimi maelfu ya mara. Hakuambiwa simu yake inafanya nini upande wa pili wa waya. Ninyi mtakaokalia kiti kile, jifunzeni mchoro wa zenoni hata kama hamtaendesha kinu maisha yenu yote. Anayetoa amri ya kushusha anatakiwa ajue kinachoshuka na kisichoshuka.

Kuhusu mafuta nitapita haraka. Vidonge vya urani vimepangwa ndani ya mirija myembamba ya zirkoni. Vikipata moto vinavimba na kuusukuma mrija. Ukipandisha nguvu kwa pupa, hasa baada ya kukaa chini muda mrefu, mrija unaweza kupasuka na kuvujisha mabaki ndani ya maji. Ndiyo sababu kila kinu kina kikomo cha asilimia ngapi kwa dakika, na baada ya mafuta mapya kuingia kinapandishwa kwa saa nyingi, taratibu.

Wapo waliosema haya yote ni usumbufu, tukiache kinu kiendelee, tucheze na mvuke. Kituo cha Bruce, jimbo la Ontario nchini Kanada, kinafanya hivyo. Umeme ukizidi usiku, sehemu ya mvuke inapitishwa pembeni ya turbaini kwenda moja kwa moja kwenye tangi la kuupozea. Kinu hakijui lolote, zenoni haisumbuki, na umeme unapungua, hadi megawati 300 kwa kila kinu. Joto hilo linakwenda ziwani bure. Mtu akilitazama kwa jicho la mhasibu atakasirika. Mimi nikilitazama kwa jicho la gridi naona kitu cha maana sana, kwa sababu asubuhi ukifunga ile njia ya pembeni umeme wako umerudi, bila kuomba ruhusa ya zenoni.

Na pale pale kwenye ardhi ya Hanford, kando ya mto uleule, tangu 1984 kipo kituo cha Columbia, cha kufua umeme wa raia, kinu cha maji yanayochemka cha megawati 1,100 na kitu. Theluji ikiyeyuka milimani mto unajaa, mabwawa yanakuwa na maji mengi kuliko yanavyoweza kuyahifadhi, na gridi inaiomba nyuklia ipishe: inashuka hadi asilimia 85, wakati mwingine hadi 65. Inapewa taarifa mapema, kwa masaa na si kwa dakika. Nafikiri sisi Watanzania tukitafuta mfano wa kuiga, tuuangalie huo kabla ya ule wa Ufaransa.

Kwa nini? Kwa sababu sisi ni watu wa maji. Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, lina mashine 9 za megawati 235, jumla 2,115, na ya kwanza iliingia gridi Februari 2024. Mwaka huohuo tulisikia vituo vitano vya maji vimezimwa kwa muda kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Wengi walishangaa, nchi iliyozoea mgao inazima mitambo! Sisi wa chumba cha gridi hatukushangaa. Mvua ilikuwa kubwa, na umeme hauwekwi ghalani.

Sasa wekeni kinu katikati ya picha hiyo. Mahitaji ya juu ya nchi yanazunguka megawati 2,000. Kanuni ya tahadhari inayotumika, na ambayo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linaisisitiza kwa nchi zinazoanza, ni kwamba mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya gridi, ili ukijizima ghafla nchi isianguke nao. Asilimia 10 ya 2,000 ni 200. Mashine moja tu ya Rufiji imeshafika hapo. Kinu cha megawati 1,200, kama vile vinne vinavyojengwa El Dabaa kule Misri, kwetu kingekuwa zaidi ya nusu ya nchi kwenye mhimili mmoja. Mimi niliyewahi kuona akiba ikipungua saa mbili kasoro jioni, siwezi kukishauri. Hata Afrika Kusini, wenye Koeberg tangu miaka ya 1980, kituo pekee cha nyuklia kinachofua umeme barani mwetu kwa sasa, waliweka vinu vyao viwili kwenye gridi kubwa kuliko yetu mara nyingi. Kwetu ni ama kusubiri gridi ikue na kuungana zaidi na majirani, ama kuanza na vinu vidogo. Urani tunayo Namtumbo, kwenye mradi wa mto Mkuju, na furaha ya kuwa nayo isitufanye tuisahau hesabu hii.

Kijana mmoja aliniuliza: basi kwa nini nyuklia ijifunze kufuata mahitaji, wakati Nyerere na gesi ya Kinyerezi zinaweza kufuata kwa dakika? Ni swali zuri, na nakubaliana naye zaidi ya nusu. Mashine ya maji inapanda na kushuka kwa kufungua na kufunga mlango. Ndiyo inayostahili kucheza ngoma ya jioni. Kinu, ambacho gharama yake kubwa ni ujenzi na mafuta yake ni bei ndogo, kikishushwa hakiokoi fedha nyingi, na mkopo unaendelea kudaiwa kikiwa chini kama kikiwa juu. Kwa hiyo siku nyingi za mwaka kikae kwenye nguvu zote. Lakini fikirini usiku wa saa tisa, mwezi wa Aprili, masika yamekolea, Rufiji imejaa na maji yanapaswa kutoka ama kwa mashine ama kwa milango ya mafuriko, na Dar es Salaam imelala. Usiku huo mmoja kinu kinatakiwa kijue kupisha. Kama hakikununuliwa na uwezo huo, hakuna simu itakayoufundisha.

Dada mmoja akauliza tumwambie nini muuzaji. Nilimjibu hivi. Aandike kwenye mkataba asilimia ngapi kwa dakika, kutoka ngapi hadi ngapi, na kwa miezi mingapi ya mzunguko wa mafuta kabla boroni haijaisha. Aandike kama njia ya pembeni ya mvuke inaruhusiwa kutumika kila usiku au ni kwa dharura tu, maana tangi na vali za kazi ya kila siku haziwi sawa na za dharura. Aandike maji yenye boroni yatachakatwa wapi na kwa kiasi gani. Alete mashine ya mazoezi ya waendeshaji iliyopangwa kwa mchoro wa mzigo wetu, wenye futari na daku na mvua za ghafla, na waongoza gridi wafanye mazoezi chumba kimoja na waendeshaji wa kinu, waonane kwa sura, wajuane kwa majina. Na kwenye mkataba wa kuuziana umeme iandikwe wazi kituo kitalipwaje usiku ule kinapoambiwa kishushe, ili anayepokea simu saa nne usiku afikirie zenoni tu, asilazimike kufikiria hasara.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.